Kurasa Nne Zisizo na Nambari

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Diani, mtu wa bara anayefanya kazi hotelini, aliniandikia kwenye simu kwamba kitabu nilichomuuzia kina kasoro. Baada ya ukurasa wa themanini na sita, alisema, zinafuata kurasa nne zisizo na nambari, kisha ndipo unakuja wa themanini na saba, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena karatasi yenyewe ni nyeupe kuliko zile nyingine, na imegandishwa kwa gundi inayonukia muhogo. Aliandika kwa adabu zake zote: "Madam, naomba unibadilishie."

Nikamjibu kwamba vyote viko hivyo. Hata angekuja nyumbani akajichagulia mwenyewe sandukuni, angekuta ni vivyo hivyo. Akauliza kwa nini. Nikaanza kumwandikia jibu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta tena. Mimi ni mtu wa maneno mengi, mdomo wangu unajulikana kutoka Msambweni hadi Kona ya Musa, lakini hili halikuingia kwenye simu. Nikamwambia asome tu, maana kurasa zile ndizo bora kuliko zote na si mimi niliyezitunga. Bila shaka aliniona mwenda wazimu. Sasa nalieleza kwa kituo, kwa ajili yake na kwa wengine wanaoona haya kuuliza.

Kabla sijaitwa mwandishi nilikuwa mchapaji. Nilikuwa na meza na kompyuta katika duka la vifaa vya shule pale Kona ya Musa, na watu walinijia na barua zao: za kuomba kazi hotelini, za kumlalamikia chifu, za kumtafuta ndugu aliyekwenda Arabuni akanyamaza. Wengi walikuwa hawana barua, walikuwa na jambo tu, na mimi ndiye niliyeligeuza likawa barua. Mzee mmoja kutoka Lungalunga alitaka nimwandikie mkewe arudi nyumbani. Nikamwuliza mkewe aliondoka kwa sababu gani. Akasema, "Joto." Nikaandika joto. Nikamsomea. Akajikuna shingo, kisha akasema, "Ongeza na mama yangu." Nikaongeza.

Shule yangu ya uandishi ilikuwa ile. Sikusomea mahali pengine, na kila siku namshukuru Mungu kwa watu wale, kwa maana walinifundisha kwamba mtu halisemi jambo lake mara moja. Hulizunguka kwanza, akakuletea joto, akakuletea barabara mbovu, mpaka ukimsubiri ndipo anakuja na mama yake. Ukiwa na haraka utaandika joto na utamrudisha kwao na barua ya bure.

Mume wangu alikuwa fundi wa friji, akizunguka hoteli za Diani na mkoba wake wa zana. Jioni nilimsimulia barua za siku hiyo, bila majina, naye akicheka mpaka chai inamwagika. Ndiye mtu wa kwanza kuniambia, "Haya yaandike, mke wangu." Nikamwambia sina wakati. Miaka tisa tuliyoishi pamoja nilimwambia sina wakati. Kisha Mungu akanipa wakati, nao sikuutaka.

Aliondoka nyumbani asubuhi, akiwa mzima wa afya. Kabla ya adhuhuri moyo wake ulisimama akiwa kazini, bisibisi mkononi, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda zake. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri.

Lakini kuna jambo la asubuhi ile ambalo lazima niliseme, kwa maana kitabu chote kimesimama juu yake. Nyumba yetu ya Msambweni tulikuwa tunaishi watu watatu: yeye, mimi, na mavyaa wangu, yaani mama yake mzazi. Watoto Mungu hakutujaalia. Nyuma ya nyumba pana mkorosho mkubwa uliopandwa na marehemu babake. Mume wangu alitaka kuukata ajenge chumba cha kazi, mavyaa hakutaka hata kusikia, na kwa siku mbili alikuwa amemnunia. Asubuhi ile mume wangu alisimama uani, pikipiki imeshawaka, akasema, "Mama, natoka." Mavyaa alikuwa anafagia. Akaendelea kufagia. Akasema tena, "Mama, natoka." Fagio likaendelea. Kisha nikaisikia pikipiki ikienda.

Kwetu mtoto hatoki nyumbani bila neno la mama yake, hata kama ana mvi kichwani. Awe anakwenda dukani au anakwenda Makka, husema anatoka, na mama humwambia nenda salama, radhi zangu unazo. Nilikuwa jikoni nakaanga mayai na nilisikia yote. Zilipokuja habari, jambo la kwanza lililonijia moyoni, Mungu anisamehe, lilikuwa lile fagio. Sikumwambia mavyaa neno. Nililitia moyoni, likakaa, likaota mizizi.

Nikakaa eda. Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajipaki manukato. Wiki za kwanza watu walijaa, kisha wakapungua, kila mtu ana sufuria yake jikoni. Tukabaki wawili, mimi na mavyaa, mimi na fagio langu moyoni. Nilikuwa nakaa chini nautazama ukuta tangu chai hadi adhuhuri.

Mavyaa ndiye aliyeniletea daftari la kwanza. Siku moja alitoka bila kusema anakwenda wapi, akarudi na daftari la shule na kalamu ya wino, akavitupa mapajani mwangu. "Andika chochote," akasema. "Ukuta umechoka."

Basi nikaandika. Nilianza mara baada ya swala ya alfajiri, nikiwa bado juu ya mswala, na nikaacha harufu ya mahamri ya jirani yangu ilipovuka ua. Mpaka leo huo ndio mpango wangu. Sina ofisi wala meza maalumu, nina mswala, daftari na pua. Mahamri yakiiva, kazi imekwisha, hata kama mtu wangu nimemwacha katikati ya mlango. Jirani akikosa kukaanga siku mbili, kitabu chenyewe kinalala, na nimeshamwambia kwamba akistaafu yeye nami nitastaafu.

Niliandika habari za fundi saa wa Vanga. Vanga nimefika mara mbili tu maishani, na ndiyo maana nilimpeleka huko, nikiamini kwamba hakuna atakayemjua. Nilimpa kiduka karibu na mikoko, nikampa mke mkali, nikampa na paka. Mwishoni fundi saa anaitwa kwenda kutengeneza saa ya msikiti wa ng'ambo ya mpaka, anatoka asubuhi, na harudi. Mke ndiye anayesimulia. Nilijiona mjanja kweli kweli: friji imekuwa saa, Diani imekuwa Vanga.

Alasiri, wanawake wa mtaani walikuja uani kwetu kusuka ukili. Ukili ni ule utepe mrefu wa majani ya mkindu unaoshonwa ukawa mkeka. Kila mtu husuka wake akiwa anazungumza, na hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Jirani muuza mahamri akaniuliza ninachokiandika ni nini, mbona siku hizi nina wino mpaka kwenye kope. Nikawasomea ukurasa mmoja kwa haya. Siku ya pili wakaja na wenzao. Ikawa kila alasiri nasoma nilichoandika asubuhi, na wakiondoka jirani anapima ukili wake na kusema, "Leo umesoma pima mbili na nusu."

Sijawahi kuwa na mhariri mwingine, na simtaki. Niligundua siri yao siku ya tatu. Maneno yakiwashika, mikono inasimama. Maneno yakiwachosha, mikono inakimbia, na ukili unatoka mzuri ajabu. Nilikuwa nasoma jicho moja kwenye daftari, jingine kwenye mikono, na kila palipokimbia niliweka alama, asubuhi yake nikapafuta. Sura nzima ya historia ya saa, niliyojivunia kuliko zote, iliwatolea ukili wa kushona mkeka wa watu sita. Nikaikata bila kulia.

Fundi saa walimpenda. Jirani alikuwa wa kwanza kunichokoza. "Huyu mtu wako anakohoa mlangoni kabla hajaingia. Anamenya chungwa ganda lisikatike. Anabisha hodi mara tatu kwenye nyumba yake mwenyewe. Namjua huyu." Nikamwambia hamjui, ni mtu wa kubuni. Wanawake wakacheka chini chini na kujifanya wanatafuta majani. Kumbe nilikuwa nimemvisha mume wangu kanzu ya mtu mwingine na miguu yake yote iko nje.

Mavyaa alikaa pembeni karibu na mlango, kila alasiri, hakukosa hata moja. Na mikono yake haikusimama hata siku moja. Wengine walisimama, jirani alilia wazi wazi pale fundi saa alipomnunulia mkewe viatu visivyomwingia, lakini mavyaa alisuka tu, upesi upesi, macho chini. Nikimaliza alisema, "Tumesikia," akakunja ukili wake akaingia ndani. Hilo liliniuma na likanikasirisha. Nikasema moyoni, ni fagio lile lile.

Siku niliyosoma mwisho aliniuliza, "Kimekwisha?"

"Kimekwisha, Mama."

"Haya," akasema.

Eda nayo ikaisha wiki ile. Nikaoga, nikabadili nguo, watu wakaja kunitakia heri. Siku ya tatu mavyaa akafunga mzigo wake akasema anakwenda Kikoneni kwa binti yake, wifi yangu, kumsaidia kuvuna kunde. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema kunde zikiisha.

Nami nikarudi Kona ya Musa, nikakaa kwenye meza yangu ya zamani, nikalichapa daftari langu kama ninavyochapa barua za watu. Sikumtafuta mchapishaji, sikuwa najua hata wanapatikana wapi. Nikampelekea kijana mmoja wa bara mwenye mashine ya kuchapa vitabu hapo hapo Ukunda, akanichapia nakala mia mbili. Sanduku la kwanza nililibeba mwenyewe kichwani kutoka barabarani hadi nyumbani. Sitasema uongo, nilikuwa na furaha ya kuniumiza mbavu. Nililifungua uani peke yangu, nikanusa, na nikageuka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu. Kunde zilikuwa zimeshakwisha mwezi mzima, na mavyaa hakuwa amerudi.

Nakala ya kwanza nilimpa jirani. Akaifuta mikono kwanza, akaishika, akaisifu, kisha akaanza kuzungukazunguka. Jalada zuri. Karatasi nzuri. Nikamsubiri, maana kazi hiyo naijua. Mwisho akasema, "Usinichukie. Sisi sote tulikuwa tunangoja mama yake atokee."

"Mama wa nani?"

"Wa fundi saa. Kila alasiri tukisema leo atatokea. Mavyaa wako ndiye aliyekuwa akingoja kuliko sote. Hukumwona anavyotega sikio ukianza kusoma?"

Nikachukua nakala nyingine, nikaingia nayo ndani nikaifungua. Nilimpa mke, nilimpa duka, nilimpa paka. Mama sikumpa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mama amekufa, wala kwamba yuko mbali. Hayupo tu, kana kwamba mtu yule aliokotwa kwenye mikoko akiwa na ndevu. Na mwanamke aliyeninunulia daftari alikaa pale miezi mitatu na zaidi akingoja ajisikie akitajwa humo, mpaka nikamwambia kimekwisha.

Niliogopa. Nyumba ile nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja, na kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimemtoa. Asingetaka kurudi asingerudi, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kesho yake nikaenda Kikoneni. Nilimkuta uani anapepeta kunde, wifi yangu karibu naye anachagua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Nani anakupikia?"

"Najipikia mwenyewe."

"Ndiyo maana," akasema, na wifi akacheka.

Nikampa kitabu. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa. Kusoma hajui, lakini aliniuliza jina langu liko wapi, nikamwonyesha, akalipitishia kidole. "Na la mwanangu?"

"Halimo, Mama. Ni hadithi."

"Najua ni hadithi. Miezi mitatu na zaidi nimeisikia." Akaliweka goti lake sawa chini ya ungo. "Mtu huyu ana mke. Ana duka. Ana paka, na huyo paka tulisomewa siku tatu nzima. Mama hana?"

Njiani nilikuwa nimetengeneza jibu zuri. Ningemwambia kwamba hadithi ni fupi na watu wengi huichafua. Mimi ndiye fundi wa majibu, nimewatengenezea watu barua nyingi za namna hiyo. Hakuningoja nilitoe.

"Uliniacha nje makusudi?" akauliza.

Nilitaka kusema nilisahau. Tangu jana yake nilikuwa nikijidanganya kwamba nilisahau.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Wifi yangu akainuka taratibu akasema anakwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

"Kwa ajili ya asubuhi ile," mavyaa akasema. Hakuwa anauliza.

"Nilikuwa jikoni. Nilisikia. Alikuaga mara mbili."

"Mbili," akasema. "Hata mimi nilizihesabu." Akaweka ungo chini. "Umekaa naye miaka tisa. Hodi zake zilikuwa ngapi?"

"Tatu."

"Tangu akiwa mdogo, nikimnunia, huja akaniambia jambo lake mara tatu. Ya kwanza simjibu. Ya pili simjibu. Ya tatu namjibu nikicheka, naye anacheka, yamekwisha. Tumecheza hivyo tangu hajaanza madrasa. Siku ile nilikuwa nangoja ya tatu." Akazichezea kunde kwa kidole. "Alikuwa amechelewa kazini. Nikasikia pikipiki. Nikasema, jioni nitamjibu."

Nililia kilio ambacho eda yote sikukilia. Nilimlilia mume wangu, na nikamlilia yeye, na nikalia kwa aibu. Hakuninyamazisha. Alinishika mkono tu, mkono wake una vumbi la kunde.

"Na mbona mikono yako haikusimama, Mama?" nikamwuliza. "Wote walisimama."

"Ningesimamisha mikono ningelia. Ningelia, wewe ungeacha kusoma."

Nikamwomba aniwie radhi. Akatikisa kichwa. "Radhi nitakupa. Kwanza niandike."

Nikafuta macho. Nikamwambia nitaandika sura mpya: fundi saa anamuaga mama yake, na safari hii nitamfanya aseme mara ya tatu. Niliona nimepata jambo kubwa.

"Usimwongezee," akasema. "Mwanangu alisema mbili na hakukosa. Alikuwa na kazi. Anayetakiwa kurekebishwa ni mimi. Niandike najibu ile ya pili."

Nikatoa daftari mkobani. Akaanza kusema, nami nikawa mchapaji tena, sikuongeza neno langu hata moja. Alisema pole pole, alirudi nyuma, akabadilisha. Alitaka iwe asubuhi. Alitaka fagio liwemo. Alipofika kwenye mkorosho nikathubutu kumkatiza.

"Mama, kitabuni hamna mkorosho. Ni Vanga, ni mikoko tu."

"Sasa umo," akasema.

Nilirudi Ukunda na kurasa nne kamili. Kijana wa mashine akanitazama. "Madam, nakala zako zishatoka. Sasa tufanye nini, tuzichane? Ngoja toleo la pili." Nikamwambia toleo la pili mwenye nalo ni Mungu, achape karatasi moja tu ya kukunja katikati, mia mbili. Akauliza nambari aweke ngapi. Nikamwambia asiweke, themanini na saba imeshapata mwenyewe. Akacheka, akaichapa, na hakunitoza kazi ya kukunja. Nampa shukrani zangu hapa.

Mavyaa alirudi nyumbani mwenyewe, Ijumaa, na mzigo wake na nusu gunia la kunde. Alasiri ile wanawake wote walikuja. Jirani alikuwa amepika gundi ya unga wa muhogo, kama ile tuliyokuwa tukigandishia picha shuleni, na mpaka leo mende wa Msambweni wanakisoma kitabu changu kuliko watu. Lakini kabla hatujagandisha hata karatasi moja, jirani akasema tusomewe kwanza. Mavyaa akakaa pale pale pake karibu na mlango, akachukua ukili wake akaanza kusuka.

Nikasoma. Fundi saa akasimama uani akasema, Mama, natoka. Mama akafagia. Akasema tena, Mama, natoka. Mama akaliweka fagio chini, akamwendea, akamtengeneza ukosi wa shati. Akamwambia: Mkorosho ukate ukitaka, ni mti tu, babako angekupa. Maziwa yangu nimekuhalalishia. Nenda salama, radhi zangu unazo, ukiwa hapa na ukiwa huko uendako.

Mikono yake ilikuwa imesimama. Nikasoma hadi mwisho, na haikuanza tena. Hakuna aliyesuka. Machozi yakamtoka kimya kimya, akayaacha yatoke, na alipokuwa tayari akafuta uso kwa kanga, akasema, "Tumesikia." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, radhi zangu unazo. Haya, leteni hiyo gundi, itakauka."

Tuligandisha mia mbili kabla ya magharibi. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga kila mkunjo kwa ukucha wa kidole gumba, kama anavyolaza ukili.

Hivyo ndivyo kilivyopata kasoro yake. Tangu wakati huo nimeandika vingine viwili, juu ya mswala ule ule, na nashukuru kwa kila kimoja. Nikimpata mtu mpya, kabla sijampa kazi wala ndevu, namwuliza mama yake yuko wapi. Si lazima mama aingie kitabuni, lakini mimi lazima nijue. Mkorosho haujakatwa. Mavyaa anayo nakala yake, anaiweka chini ya mto. Kusoma bado hajui, lakini gundi ile imefanya vitabu vile, ukiviweka chini, vifunguke vyenyewe mahali pale, na anajua kwa kidole karatasi ilipo nene. Hupaacha wazi mapajani akawa anasuka.

Na asubuhi, mahamri yakishaiva na daftari nikishalifunga, najitayarisha kwenda Kona ya Musa kwenye barua za watu. Nasimama uani na mkoba wangu. Yeye anafagia. Nasema, "Mama, nato..." na fagio limeshawekwa chini, ameshanijibu.